Kujiokoa Porini Nako ni Afya



Katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za vyoo, maji ya kuchemsha, chanjo za watoto na chakula cha mama mjamzito. Hayo yote ni mema na tutaendelea nayo. Leo ninaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida hatulihesabu kuwa ni afya. Nalo ni hili: mtu akipatwa na dharura porini, mbali na zahanati, mbali na barabara, na simu haishiki mtandao, afanye nini ili arudi nyumbani akiwa hai?

Mimi ni tabibu msaidizi wa zahanati ya kijiji. Kijiji chetu kimezungukwa na pori la miombo. Watu wake ni wakulima wa tumbaku na mahindi, wafugaji, na warina asali. Hapiti siku bila kuwako mtu wetu porini. Mmoja amekwenda kukagua mizinga, mwingine anatafuta ng'ombe aliyepotea, akina mama wamekwenda kuni na uyoga, watoto wamefuata furu. Pori ndilo shamba letu la pili. Wakipatwa na jambo huko huletwa kwangu, na mara nyingi ninaona kuwa yaliyofanyika katika saa ile ya kwanza, kabla mgonjwa hajafika mlangoni kwangu, ndiyo yaliyokwisha kuamua kama nitaweza kumsaidia au la.

Kwa sababu hiyo nasema wazi maoni yangu. Maarifa ya kujiokoa porini yafundishwe katika kila kijiji kilicho karibu na pori, kwa watu wazima na kwa watoto, kama tunavyofundisha kunawa mikono. Wafundishaji wawe wawili: wazee na zahanati. Mmoja bila mwenzake hatoshi, na nitaeleza kwa nini.

Nikilisema jambo hili hujibiwa, "Wewe daktari kijana, sisi tumezaliwa porini. Nani atufundishe pori?" Jibu hilo lina haki yake. Mzee wa miaka 70 hapa kwetu akiona unyayo hukuambia mnyama gani kapita na lini. Lakini, ndugu msomaji, mtazame mjukuu wake. Amekaa darasani miaka saba au zaidi, jambo ambalo ni jema sana. Pori alilokuwa babu akichunga limekuwa shamba la tumbaku. Kijana huyu anajua kuendesha pikipiki na kutuma fedha kwa simu, lakini siku akitumwa kumfuata ng'ombe mbali, anaingia katika pori lile lile la babu bila maarifa ya babu. Na yule babu naye, pamoja na hekima yake yote, akiumwa na nyoka atafunga kamba mguuni na kuchanja kwa wembe. Kila mmoja ana nusu ya elimu mkononi.

Kwamba maarifa hayo huokoa maisha si maneno matupu. Mwishoni mwa mwaka 2024, nchini Zimbabwe, mtoto mdogo wa kiume ambaye hata miaka 10 hajafikisha alipotea na kuingia katika hifadhi ya Matusadona, karibu na ziwa Kariba. Pori lile lina simba na tembo. Alikaa humo siku 5. Alikula matunda ya mwituni, akalala juu ya mawe, na kwa maji alichimba kwa kijiti katika kingo za mto mkavu hadi maji yakachuruzika. Watu wa huko hukabiliwa na ukame mara kwa mara, hata watoto wao wanajua kuchimba maji namna hiyo. Nyumbani nako hawakukaa bure. Watu waliingia porini kumtafuta, na ngoma zikapigwa kila siku ili azisikie ajue nyumbani kuko upande gani. Mwishowe askari wa wanyamapori waliziona nyayo zake wakamfuata, wakamkuta mnyonge lakini hai.

Mwaka uliotangulia, 2023, huko Colombia, Amerika ya Kusini, ndege ndogo ilianguka katika msitu wa Amazon tarehe 1 Mei. Watu wazima wote watatu walikufa. Watoto wanne wa familia moja wakabaki peke yao, mkubwa ana miaka 13, mdogo bado ananyonya. Walipatikana tarehe 9 Juni, wote wanne wazima. Walianza kwa kula unga wa muhogo uliokuwa ndani ya ndege, kisha mbegu na matunda ambayo dada yao mkubwa aliyajua. Alikuwa amefundishwa na wazee wake nyumbani. Hakuna mganga aliyekuwako msituni kwa siku zote 40, wala duka la dawa. Elimu ya nyumbani ndiyo iliyokuwa dawa yao.

Sasa tuje kwetu. Kitu cha kwanza cha kujiokoa porini hufanywa ukiwa bado uwanjani kwako, kabla hujaondoka. Nacho ni kuaga. Mwambie mtu unakwenda upande gani, unapita njia ipi, uko na nani, na siku gani wakikosa kukuona waanze kukutafuta. Jambo dogo hili lina thamani kuliko kisu na kiberiti. Watu wakitoka kukutafuta bila kujua umeelekea wapi, wanaweza kumaliza siku mbili upande wa mashariki nawe umelala umevunjika mguu upande wa magharibi.

Nafahamu kwa nini wengine hawaagi. Wanaingia hifadhini bila kibali, wanaogopa habari isimfikie mtendaji. Mimi si askari wa misitu, kazi yangu ni kutibu. Kibali kitafute, ndiyo halali. Lakini hata kama huna, mwambie mkeo au kaka yako. Faini hulipwa ikaisha. Mtu aliyekufa peke yake chini ya mti hapatikani tena, na jamaa zake hukaa miaka hawajui waweke matanga au waendelee kungoja.

Kabla ya kuacha njia kubwa, simama. Jiulize: barabara nimeiacha upande gani? Jua liko wapi sasa, bega la kulia au la kushoto? Ukilijua hilo, hata ukizunguka unafuata nyuki, unaweza kurudi kuelekea barabara. Wapo pia wanaomfuata yule ndege wa asali, anaruka na kulia mbele yao kutoka mti hadi mti. Ndege yule hakudanganyi, kwa kawaida asali ipo kweli. Lakini yeye kazi yake ni kukufikisha kwenye asali, kukurudisha hakumhusu. Vunja vitawi au chora alama kwenye magome unapopita.

Ukitambua kwamba umepotea, kaa chini. Nasema kaa chini hasa, chini ya kivuli, unywe maji kidogo kama unayo. Hofu ndiyo inayowamaliza wengi. Mtu aliyepotea huanza kukimbia, hukimbia akizunguka, hutupa mzigo, mwisho huvua hata viatu. Tulia mpaka moyo upoe. Kama kuna njia ya ng'ombe au alama zako unazoziona, zifuate polepole. Kama huna uhakika wowote na uliaga nyumbani, bakia hapo ulipo, maana mtu aliyetulia hupatikana upesi kuliko anayetembea. Usiku ukiingia usiendelee kutembea. Washa moto, na kwanza fyeka na kufagia majani pande zote usije ukaliteketeza pori nawe umo ndani. Mchana weka majani mabichi juu ya moto ili moshi uonekane. Panda juu ya kichuguu kirefu ukitaka kuangalia mbali, ila usilale hapo, kwa sababu nyoka hupenda mashimo ya vichuguu. Simu yako izime, uiwashe mara chache ukiwa mahali pa juu. Mara nyingine ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti.

Tuje kwenye maji. Bila chakula mtu mzima huweza kukaa wiki kadhaa. Bila maji ni siku chache tu, na kwenye jua kali la Oktoba hata hizo chache hupungua. Kwa hiyo aliyepotea asihangaike na chakula kwanza, ahangaike na maji na kivuli. Tembea alfajiri na jioni, saa za jua kali pumzika. Nguo usivue, jifunike kichwa. Ukiona mkojo wako umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au kichwa kinazunguka na maneno hayaji sawa, mwili umekwisha kukauka, usiendelee na safari.

Katika mto mkavu, tafuta mahali mto unapopinda, upande wa nje wa pindo, mahali penye mchanga wenye unyevu au miti mibichi kuliko mingine. Chimba. Maji ya kwanza yenye matope yateke uyamwage, ngoja yajae tena. Lakini usichimbe shimo refu kisha ukaingia ndani kwa kichwa, mchanga huporomoka na kufukia mtu. Usikae hapo muda mrefu wala usilale hapo, kwani wanyama nao wanakuja kunywa. Na kama mto una maji, tazama mamba kabla hujainama.

Je, maji hayo ni safi? Hapana, si safi, na mimi mtu wa afya ninayekuhimiza kila siku uchemshe maji ninakuambia hivi: kama una sufuria na moto, chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika nzima. Kama una chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita 2, chuja maji kwa kitambaa yawe maangavu, jaza, laza chupa juani saa 6. Siku za mawingu mazito iache siku mbili mfululizo. Njia hii ya jua inawafaa sana warina asali wanaokaa kambini majuma kadhaa. Lakini kama huna sufuria, huna chupa, na kiu inakaribia kukuua, kunywa hivyo hivyo. Ugonjwa wa kuhara utatukuta zahanati na tutautibu. Kiu haingoji. Nimeona nilisema wazi, kwa kuwa wapo wanaofuata masharti yetu ya afya kwa utii kupita mahali pake.

Usinywe mkojo, unazidi kukukausha. Usinywe utomvu mweupe wa mti wowote. Utomvu wa mnyaa, kwa mfano, huunguza mdomo na tumbo, na ukiingia machoni unaweza kumpofusha mtu.

Chakula nitakipita haraka. Kula lile tu unalolijua kwa jina na ulilolila nyumbani: furu, ukwaju, ubuyu. Uyoga uache kabisa kama hukulelewa na mchuma uyoga. Ule mbaya zaidi hukaa tumboni saa nyingi bila dalili yoyote, na kutapika kunapoanza sumu imekwisha kulifikia ini.

Sasa nyoka. Hapa ninaomba uvumilivu wako, ndugu msomaji, maana hapa ndipo tunapopoteza watu na viungo vyao kwa mambo ambayo yangeepukika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 hivi huumwa na nyoka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wengi wao ni wakulima na wafugaji kama sisi. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa yanayohitaji kupewa uzito wa kwanza, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu wake kabla ya mwaka 2030. Mpango ni mzuri. Lakini mpango hauwezi kumfikia mtu ambaye amefungwa kamba mguuni na kufichwa ndani siku mbili.

Nilimpokea kijana mmoja mchunga ng'ombe. Kifutu alimuuma kwenye kifundo cha mguu. Wenzake, kwa upendo, walikata mpira wa ndani wa baiskeli wakaufunga juu ya goti kwa nguvu zao zote. Kisha wakachanja, wakabandika jiwe jeusi, wakampeleka kwa mtaalamu wa miti shamba. Siku ya tatu wakaja kwangu. Mguu chini ya mpira ulikuwa mweusi na baridi, umeanza kunuka. Nilimpa rufaa siku ile ile. Alipona, lakini mguu ulikatwa juu ya goti. Ana miaka 16. Mpaka leo nyumbani wanasema nyoka ndiye aliyemkata mguu. Sumu ya kifutu huharibu nyama, ni kweli, lakini mpira ule uliizuia damu isifike mguuni na ukaikusanya sumu mahali pamoja. Nyoka hakuwa peke yake katika kazi ile.

Basi ufanye nini? Ondoka mahali alipo nyoka. Usimfukuze umwue, wengi huumwa mtu wa pili kwa njia hiyo. Vua pete, bangili, viatu na kila kinachobana, kwa sababu kiungo kitavimba. Mlaze mgonjwa, umtulize, asitembee. Funga mguu au mkono kwa vijiti viwili na kanga kama unavyofunga mfupa uliovunjika, usikaze, ili usichezecheze. Akitapika au akilegea mlaze ubavu wa kushoto ili asipaliwe. Kisha safari ya kwenda kwenye matibabu ianze saa hiyo hiyo. Usichanje, usinyonye, usimwage mafuta ya taa, usimpe pombe.

Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Najua wengi hamtakubali, maana mmeona mtu kawekewa jiwe au majani akapona. Sababu yake ni hii. Nyoka hauma kila mara kwa kutia sumu. Mara nyingine meno huingia na sumu haitoki, na nyoka wengi katika pori letu hawana sumu ya kumwua mtu. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata kama mngembandikia gamba la muwa. Sifa huenda kwa jiwe. Siku anapokuja yule aliyetiwa sumu kamili, jiwe humpotezea saa zake, na akifa husemwa kuwa siku yake ilifika.

Ujue pia kwamba sumu hazifanani. Ya kifutu hufanya uvimbe mkubwa na maumivu, na huweza kuleta damu isiyoganda. Ya koboko haivimbishi sana, bali hulegeza. Kope zinaanguka, mate yanashindwa kumezwa, pumzi inakuwa fupi. Mtu huyu hana saa nyingi, asikudanganye kwamba mguu wake hauna uvimbe. Swila akitema sumu machoni, osha mara moja kwa maji mengi, hata ya kisimani, hata maziwa kama maji hakuna, kisha uje zahanati.

Pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la vijijini. Mgonjwa wa nyoka akae katikati, mtu wa tatu akae nyuma amshike. Najua sheria ya barabarani haipendi mshikaki. Lakini mgonjwa aliyelegea akikaa nyuma peke yake ataanguka njiani, na sijui mtamweleza nini huyo askari wa barabarani hapo.

Kuna jambo watu huchanganya, nami lazima nilitenganishe. Nimesema usifunge kamba kwa nyoka. Je, kwa jeraha la shoka au panga? Damu inayotoka hukomeshwa kwanza kwa kukandamiza. Chukua kitambaa safi, kanga, shati, chochote, weka juu ya jeraha ukandamize kwa mkono kwa nguvu, dakika 10 bila kufungua kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Majeraha mengi hukoma hapo. Ni pale tu damu inapobubujika au kuruka kutoka mguuni au mkononi, na kukandamiza kumeshindwa, ndipo ufunge kitambaa kipana juu ya jeraha, ukaze kwa kijiti mpaka damu ikome, uandike saa uliyofunga, hata kwa mkaa kwenye paji la uso, na kumkimbiza hospitali bila kukifungua njiani. Kwa damu ya namna hiyo kamba huokoa maisha. Kwa nyoka hupoteza kiungo. Maarifa haya mawili yanafanana kwa sura, ndiyo maana hayafai kusikiwa juu juu kilabuni.

Warina asali, neno lenu ni fupi. Nyuki wakikasirika, funika uso na mdomo, kimbia mbali, usisimame kuwapigapiga. Ukifika salama ondoa miba haraka kwa njia yoyote, kwa kucha au kisu, kwani mwiba uliobaki huendelea kutia sumu. Mtu aliyevimba uso na ulimi, anayepumua kwa shida, au aliyeumwa na nyuki kwa mamia, asingoje kesho.

Na akipatikana mtu aliyekaa porini siku mbili tatu, msimjaze ugali kwa furaha. Mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kama ana joto kali na amechanganyikiwa, mwekeni kivulini, mloweshe nguo, mpepeeni, huku mnatafuta usafiri.

Elimu hii itolewe vipi? Wako watakaosema tusubiri mradi, tusubiri wataalamu kutoka wilayani. Mimi sioni haja ya kusubiri. Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Kilichokuwako ni redio, kitabu, kiongozi wa kikundi na watu walioamua kukutana. Kikundi cha namna hiyo leo kinaweza kukaa chini ya mwembe wa shule na mrina asali mmoja mzee, mama mmoja mjuzi wa matunda ya pori, na mtu wa zahanati. Mzee aonyeshe jinsi ya kuchimba maji na kusoma nyayo, tena aonyeshe mtoni, si kwa maneno. Mimi nitaonyesha jinsi ya kufunga mguu kwa vijiti na jinsi ya kukandamiza damu. Mzee akisema jambo la nyoka nisilokubaliana nalo, tutabishana mbele ya watu kwa heshima. Hata hilo ni somo.

Watoto wasiachwe. Wao ndio wanaopelekwa kuchunga, na mara nyingi ndio wanaopotea. Mtoto wa miaka 6 aweza kukumbuka mambo matatu: ukipotea kaa chini ya mti mmoja, ukisikia unaitwa itika, ukiona nyoka rudi nyuma. Wengine hujificha wakisikia watu wanawatafuta, wakidhani watachapwa. Wazazi, waambieni mapema kwamba hawatachapwa, na mtimize ahadi hiyo.

Kijiji pia kipatane juu ya ishara. Filimbi tatu, mapumziko, filimbi tatu tena, maana yake ni hatari. Ngoma ya mtu aliyepotea ipigwe mahali pamoja panapojulikana na wote, na mtu asiipige kwa harusi. Ishara haina faida ikiwa aliye upande wa pili haijui.

Mwisho ninaomba jambo moja la wiki hii hii. Nenda zahanati yenu umuulize mhudumu maswali mawili: je, hapa ipo dawa ya sumu ya nyoka? Kama haipo, iko hospitali gani, na namba ya simu ya huko ni ipi? Zahanati nyingi hazina dawa hiyo, na mimi yangu haina. Usikasirike ukiambiwa haipo. Andika jina la hospitali na namba hiyo kwa mkaa ukutani, karibu na mlango mnapoegemeza majembe, na mwenyekiti wa kitongoji naye awe nayo. Kisha mtafute mwenye pikipiki mmoja au wawili mkubaliane bei ya usiku sasa, wakati hakuna mtu anayelia.